Paul Robeson (tamthilia)

Paul Robeson ni tamthilia ya mwandishi Mmarekani Phillip Hayes Dean kuhusu maisha ya Paul Robeson (1898–1976), mwimbaji, mwigizaji na mtetezi wa haki za Wamarekani weusi. Ilianza kuonyeshwa Broadway, jijini New York, tarehe 19 Januari 1978. Mwongozaji alikuwa Lloyd Richards, na James Earl Jones aliigiza kama Robeson.

Mhusika mkuu

Robeson alizaliwa Princeton, New Jersey. Baba yake alikuwa mtumwa aliyetoroka na baadaye akawa mchungaji. Robeson alisomea sheria, lakini alipata umaarufu kwa uimbaji na uigizaji. Katika miaka ya 1930, alipokuwa akiishi London, alijifunza lugha kadhaa za Kiafrika, kikiwemo Kiswahili. Mwaka 1943 aliigiza Othello katika Broadway. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti kutokana na misimamo yake ya kisiasa. Alirudishiwa mwaka 1958.

Muundo

Tamthilia ina watu wawili tu jukwaani: Robeson na mpiga piano wake, Lawrence Brown. Robeson anasimulia maisha yake mwenyewe na kuimba, huku akiigiza mazungumzo na watu ambao watazamaji hawawaoni.

Mabishano

Tamthilia ilifika Broadway chini ya miaka miwili baada ya kifo cha Robeson. Kabla ya kufunguliwa, Wamarekani weusi 56 mashuhuri, wakiwemo waandishi James Baldwin na Gwendolyn Brooks, walitia saini tamko la kuipinga. Mwanawe, Paul Robeson Mdogo, naye aliipinga. Wapinzani walisema kwamba inampunguza Robeson: inamwonyesha kama msanii wa kupendeza na kufifisha siasa zilizomfanya aandamwe. Waliomuunga mkono Dean walijibu kwamba mwandishi ana haki ya kumwandika mtu wa historia kama anavyomwelewa. Walikumbusha pia kwamba Robeson mwenyewe alinyamazishwa kwa miaka mingi, hivyo haikufaa kunyamazisha kazi inayomhusu.

Maonyesho ya baadaye

Tamthilia ilionyeshwa mara 77 katika Broadway hadi Aprili 1978, kisha ikarekodiwa kwa ajili ya televisheni. Ilirudi Broadway mwaka 1988 na 1995, Avery Brooks akiwa Robeson.