Nafasi ya Chuo Kikuu Hugawanywa Hivi

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hutangazwa Januari, na wengi wanaofaulu huripoti chuoni Agosti au Septemba. Katika miezi hiyo yote, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi hujaa vijana ambao shule wameiacha na chuo bado hawajakiona. Utawakuta Gikomba wakiuza mitumba, Kayole wakibeba mchanga kwenye majengo ya ghorofa, au Kariobangi wakimsaidia shangazi kibandani. Na swali lao jioni kuhusu KUCCPS, taasisi inayowapanga wanafunzi vyuoni, ni lilelile: wameachilia nafasi?

Nimewashauri vijana hawa kwa muda wa kutosha kujua kwamba wengi wao hungoja kama watu wanaosubiri hukumu. Wanaamini kuna mtu ofisini anayesoma majina na kuamua nani aende Chuo Kikuu cha Nairobi, nani apelekwe mbali, nani aachwe. Hakuna mtu huyo. Kuna hesabu, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo mwombaji anaweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu na karatasi kabla dirisha la maombi halijafungwa. Asiyeijua huchagua gizani, kisha hungoja gizani.

Tuanze na pointi. Gredi A ina pointi 12, A- ina 11, na hivyo hivyo kushuka hadi E yenye pointi 1. Wastani hutokana na masomo saba, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 84. Tangu KCSE ya 2023 masomo hayo saba ni Hisabati, lugha moja, na mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Kabla ya hapo Kiingereza na Kiswahili zote mbili zilihesabiwa, upende usipende, pamoja na sayansi mbili. Mabadiliko hayo yalisaidia kuongeza idadi ya wanaofikisha C+, ambayo ndiyo gredi ya chini ya kuombea shahada. Katika mtihani wa 2024, uliotangazwa 9 Januari 2025, waliofikisha C+ au zaidi walikuwa 246,391 kati ya watahiniwa 962,512.

C+ inakuruhusu kuomba. Haikupi kozi. Kozi hutolewa kwa pointi za klasta, na hapa ndipo familia nyingi hupotea njia.

Kila kozi ina klasta yake ya masomo manne. Udaktari unaangalia Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na lugha. Uhandisi unaangalia Hisabati, Fizikia, Kemia na somo jingine moja. Pointi zako katika masomo hayo manne, ambazo haziwezi kuzidi 48, huwekwa pamoja na jumla yako ya masomo saba. Hesabu ambayo wanafunzi na walimu huitumia ni hii: gawanya pointi za masomo manne kwa 48, gawanya jumla yako kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48.

Chukua wasichana wawili wa mtaa mmoja, wote wana jumla ya pointi 70, yaani wastani wa B+. Wa kwanza ana pointi 44 katika masomo ya klasta anayoitaka, wa pili ana 40. Wa kwanza anapata 41.95, wa pili 40.00 kamili. Cheti chao kinaonyesha wastani uleule, na nyumbani wamepongezwa sawasawa, lakini kwa kozi yenye ushindani mkali tofauti hiyo ya karibu pointi mbili inaweza kumweka mmoja ndani na mwingine nje. Mgeuzie yule wa pili klasta, mpe kozi inayotumia masomo aliyoyashika vizuri, na huenda akampita mwenzake. Ndiyo maana sishauri mtoto yeyote kuchagua kozi kwa kutazama wastani peke yake. Aingie kwenye akaunti yake ya KUCCPS, asome pointi zake rasmi klasta kwa klasta, ndipo aanze kuchagua. Aangalie pia masharti ya somo mojamoja. Kozi ya uhandisi ikidai C+ ya Fizikia na wewe una C, pointi nyingine zote hazitakuokoa.

Halafu kuna ile namba inayozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi kila mwaka: pointi za mwisho kuingia. Watu huzisoma kama sheria iliyowekwa na chuo. Kwa kweli ni matokeo ya mwaka uliopita. Matatu ya abiria 14 ikijaa Umoja, abiria wa mwisho ni yule aliyekuwa wa 14 kwenye foleni ya asubuhi hiyo. Kesho foleni ikiwa fupi, hata aliyechelewa atapanda. Kozi nayo ina nafasi zake, waombaji hupangwa kuanzia mwenye pointi nyingi, na pointi za yule anayejaza nafasi ya mwisho ndizo zinazochapishwa.

Mfano mkubwa zaidi wa namba hizo kuyumba ni wa 2016. Mwaka wa 2015 watahiniwa 2,685 walipata A. Mwaka uliofuata, baada ya Waziri wa Elimu Fred Matiang'i kubana wizi wa mitihani, waliopata A walikuwa 141 tu, na waliofikisha C+ walikuwa 88,929. Wote waliofikisha gredi hiyo wangeweza kupata nafasi ya shahada. Mtoto aliyetumia namba za mwaka uliotangulia kujipima alijitisha bure, na pengine akaikimbia kozi ambayo ingemchukua. Kinyume chake ndicho kinachotokea sasa: waliofaulu wanaongezeka, kwa hiyo namba ya mwaka jana inaweza kukudanganya kwa kukupa matumaini. Itumie kama dira, na uwe na akiba ya pointi juu yake.

Wajomba na shangazi waliosoma miaka ya 1980 watakwambia kwamba wao walingoja zaidi, na wanasema kweli. Jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982 lilisababisha Chuo Kikuu cha Nairobi kufungwa kwa zaidi ya mwaka, na msongamano uliotokana na hapo uliwasumbua vijana kwa miaka. Kuanzia 1984 wengi walipitia kwanza mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa kabla ya kukanyaga darasa la chuo. Bodi ya pamoja ya vyuo, JAB, nayo ilichagua wanafunzi kwa kuhesabu vitanda vya mabweni: vitanda vikiisha, nafasi zimeisha, hata kama umefaulu. Tangu 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha masomo ya kujilipia, mwenye pesa alipata mlango mwingine. Mtoto wa mtaa wa Mbotela au Kaloleni aliyekosa kitanda alibaki nyumbani. KUCCPS, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, iliondoa kipimo cha vitanda. Nauona mfumo huu kuwa wa haki kuliko ule wa zamani, na nasema hivyo nikijua malalamiko yaliyopo.

Lakini haki ya hesabu haimfikii kila mtu kwa kiwango kimoja. Mtoto wa shule ya bweni ya kitaifa ana mwalimu wa ushauri wa kozi anayeifahamu orodha yote. Wa shule ya kutwa hapa kwetu, mara nyingi, anaingia saiba ya intaneti na noti ya mia mkononi na kumwambia kijana wa kaunta, "Nichagulie tu kitu kizuri." Hilo linaniuma kuliko jambo lolote katika kazi hii. Kijana wa saiba hana ubaya, ila ana foleni ya watu kumi, na kozi anazozijua ni tano. Tena ili kukuingiza anahitaji namba yako ya mtihani na ya cheti cha kuzaliwa, na mwenye hizo anaweza kurudi kubadilisha ulichochagua. Simama karibu, andika namba hizo kwa mkono wako mwenyewe, toka kwenye akaunti kabla ya kuondoka, na uchapishe ukurasa wa chaguo zako uuweke nyumbani. Atakayekupigia simu akidai ana mtu ndani wa kukubadilishia kozi kwa elfu tano, mkatie. Mabadiliko halali hufanywa na mwombaji mwenyewe kwenye tovuti, wakati wa marekebisho au wa uhamisho.

Kuhusu mpangilio wa chaguo, neno langu ni fupi. Juu weka unachokitaka kwa moyo na ambacho pointi zako zinakikaribia. Chini weka kozi ambayo pointi zako zinaipita waziwazi na ambayo ungekubali kuisoma miaka minne bila kinyongo. Wengi hujaza nafasi za chini kwa kubahatisha, kisha hulia wanapopelekwa huko.

Miezi ya kungoja ina kazi yake pia, na kazi hiyo ni fedha. Tangu mfumo mpya wa ufadhili utangazwe Mei 2023, kupata nafasi na kupata pesa ni mambo mawili tofauti. Ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) na mchango wa familia hugawanywa kwa kupima hali ya uchumi ya nyumbani. Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba mnamo Desemba 2024, na kesi ikaendelea kwenye Mahakama ya Rufaa. Mwombaji asingoje majaji wamalize. Aliyetimiza miaka 18 na hana kitambulisho aanze leo, kwa mfano katika Kituo cha Huduma cha Makadara. Laini ya simu iwe kwa jina lake. Mzazi wa jua kali asiye na hati ya mshahara asione haya kueleza kipato chake kilivyo, kwa sababu wapimaji hawawezi kuuona umaskini ambao haujaandikwa. Na jambo moja ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: ukipangiwa chuo kikuu cha binafsi chini ya mfumo huu, unaweza kuomba mkopo, lakini ufadhili wa serikali hauupati. Jiulize hilo kabla ya kukiweka chuo hicho katika orodha yako.

Aliyekosa C+ naye ana mlango, maana KUCCPS hiyohiyo hupanga wanafunzi wa stashahada na wa ufundi, na fundi wa umeme aliyetoka chuo cha ufundi cha Kabete hakai mtaani muda mrefu bila kazi.

Ombi langu la mwisho nalielekeza kwa walimu wakuu wa shule za kutwa, kuanzia Jericho hadi Dandora. Dirisha la maombi likifunguliwa, waiteni waliomaliza mwaka uliopita, wafungulieni chumba cha kompyuta, na mwalimu mmoja akae nao hadi kila mmoja aone pointi zake za klasta na kuelewa anachokichagua. Wiki moja inatosha. Na mahali ambapo shule haina kompyuta, maktaba za umma za Makadara na Kaloleni ziko karibu. Nendeni nao huko.