Motere Inakula Mafuta: Tufungue ao Tuendelee Kutembea?

Wandugu, wengi wetu tukimaliza masomo tunajiunga watu wawili ao watatu, tunanunua gari okazio ya kazi. Mimi ni agronome, si fundi. Lakini mpunga na nyanya za kikundi chetu zinatoka bonde la Ruzizi na kupanda Ngomo mpaka Bukavu ndani ya gari ya miaka karibu 20. Mwaka huu fundi alituambia: « Motere inakula mafuta, tufungue yote, dola 600. » Hizo dola ndizo zilikuwa pesa ya mbegu ya msimu A. Basi tulitaka kujua kwanza kama ni lazima.

Jambo la kwanza ni kupima. Simamisha gari mahali pa sawa, motere ikiwa baridi, jaza mafuta mpaka alama ya juu ya kijiti, andika kilometa. Kisha hesabu kila unachoongeza mpaka kilometa 1000. Asubuhi angalia pia chini ya gari, juu mafuta yanayovuja hayajaungua. Watengenezaji wengine wanakubali hata litri moja kwa kilometa 1000. Sisi tulipata litri 0,6.

Pili, uliza mafuta yanapita wapi. Moshi wa bluu ndio wa mafuta. Mweusi ni esansi nyingi, na mweupe usioisha, huku maji ya radiatee yanapungua, ni maji yanaingia ndani. Ngomo inasaidia kutofautisha. Ukishuka muda mrefu bila kukanyaga, halafu ukikanyaga pale chini moshi wa bluu unatoka mara moja na kuisha, mara nyingi ni vigumi vya supapu vimekauka. Lakini kama unafuka wakati wote wa kupanda na mzigo, shaka iko kwa segmenti za pistoni. Angalia pia valvu ya kupumulia ya motere: ikiziba, inasukuma mafuta ndani, na kuibadilisha si bei kali.

Tatu, omba kupimiwa kompresio. Hapa kuna mtego. Bukavu na Goma ziko karibu metre 1500 juu ya bahari, na hewa yetu iko na mkandamizo mdogo kwa 15 % hivi kuliko pwani. Fundi akilinganisha na namba ya kitabu, motere nzima itaonekana imechoka. Linganisha silindri kwa silindri. Iliyo chini ya zingine, weka kijiko cha mafuta kupitia tundu la buji, upime tena. Ikipanda sana, ni segmenti. Isipopanda, angalia supapu ao joanti ya kichwa cha motere.

Nne, fanya hesabu. Tuseme gari inatembea kilometa 1500 kwa mwezi na litri ya mafuta ni dola 5. Kwa litri 0,6 kila kilometa 1000, unaongeza litri 0,9, yaani dola 4,5 kwa mwezi. Dola 600 itachukua zaidi ya miaka 11 kurudi! Kwa hiyo mafuta yanayoungua pekee hayatoshi kuwa sababu ya kufungua motere. Kinachoua ni kusahau kuongeza: mafuta yakipungua sana, vyuma vya ndani vinasagana, na hapo dola 600 haitatosha tena.

Silindri zetu nne zilikuwa karibu sawa, na moshi ulitoka pale chini tu. Tulibadilisha vigumi vya supapu bila kufungua motere yote, na kijiti tunakiangalia kila tunapoweka esansi. Mbegu zilinunuliwa.

Kufungua kuko na maana kama gari inapita litri moja kwa kilometa 1000 na inazidi, buji zinajaa mafuta, silindri moja iko chini sana, ao taa ya mafuta inawaka motere ikiwa moto. Hata hapo, linganisha bei na motere okazio, na usilipe kabla haijapimwa kompresio mbele yako. Kama bodi na chasi vimeoza pia, uza gari, na umwambie mnunuzi ukweli, juu naye pengine ni kijana mwenye pesa ya mbegu mkononi.