Uchaguzi wa Shahada ya Uigizaji na Suala la Lugha: Mfano wa Mwanafunzi wa Buruburu

Utangulizi

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha 4 yanapotangazwa nchini Kenya, wako vijana wachache ambao hawautamani udaktari wala uhandisi, bali hulitamani jukwaa. Swali linalowakabili ni la vitendo: waombe nafasi katika vyuo gani, na wavipange vipi? Aghalabu swali hili hujibiwa kwa kutazama sifa ya chuo, karo, na umbali kutoka nyumbani. Hapana shaka kwamba mambo hayo ni ya maana. Hata hivyo, liko jambo moja ambalo huachwa nyuma, nalo ni lugha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba anayechagua mahali pa kujifunzia uigizaji huchagua papo hapo lugha ambayo ulimi wake utanolewa, na kwamba uchaguzi huo una matokeo makubwa kwa riziki yake na kwa tamthilia ya Kiswahili kwa jumla. Mfano utakaotumiwa ni wa mwanafunzi wa mtaa wa Buruburu, Nairobi.

Mwanafunzi na Lugha Zake

Buruburu ni mtaa wa Eastlands, yaani upande wa mashariki wa Nairobi, karibu na mitaa ya zamani kama Jericho na Makadara. Ulijengwa kwa awamu 5, kuanzia miaka ya 1970, kwa fedha zilizotolewa kwa sehemu na Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola. Nyumba zake zilikusudiwa watu wa kipato cha kati, nao walitoka pembe zote za nchi. Kwa hiyo mtoto aliyelelewa hapo huweza kuwa na lugha 4: lugha ya wazazi, ambayo pengine huisikia tu bila kuisema, Kiingereza cha darasani, Kiswahili cha vitabu, na Sheng ya kituo cha matatu na ya uwanjani, ambayo hata jina la mtaa imelikata likawa "Buru".

Mtoto huyo hukutana na uigizaji mapema. Tamasha la kitaifa la michezo ya kuigiza ya shule lilianza mwaka 1959, na hadi leo michezo ya Kiswahili hushindaniwa humo sambamba na ya Kiingereza. Aidha, makundi ya waigizaji huzunguka katika shule yakionyesha tamthilia zinazotahiniwa. Kigogo ya Pauline Kea na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ni miongoni mwa zilizowahi kutahiniwa. Katika televisheni, vipindi kama Vitimbi na Vioja Mahakamani viliwazoesha watazamaji wa vizazi kadhaa kucheka kwa Kiswahili. Yafaa kukumbuka hapa kwamba baadhi ya kazi hizi huwapa waigizaji ujira. Kwa maneno mengine, kwa kijana wa Buruburu Kiswahili ni lugha ya kazi kabla hakijawa somo la chuo.

Lakini Kiswahili anachokwenda nacho chuoni kina mapengo yake. Mzungumzaji wa Nairobi husema "vitu zangu" mahali ambapo Kiswahili sanifu hudai "vitu vyangu", na wako wengi wasiotofautisha dh na z, au gh na g. Jukwaani tofauti hizo si makosa tu, ni mali. Utingo wa matatu akisema "vitu zangu" hadhira humwamini, lakini kadhi akisema hivyo hadhira hucheka mahali pasipo na kichekesho. Mwigizaji aliyefunzwa vizuri hana budi kuzimudu lahaja na mitindo yote hiyo, akajua ni ipi humfaa mhusika yupi. Ufundi huo haupatikani kwa kukulia mtaani peke yake.

Mafunzo ya Sauti

Suala hili hujitokeza wazi zaidi katika somo la sauti. Vitabu vingi vya kufunzia sauti ya mwigizaji vimetungwa kwa ajili ya Kiingereza. Katika lugha hiyo mkazo huhamahama kutoka silabi hii hadi ile, na irabu isiyo na mkazo hufifia karibu kupotea. Kiswahili kina kawaida nyingine. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache, kama "barabara" lenye maana ya sawasawa, ambalo kwa mkazo wake hupambanuliwa na "barabara" ya magari. Kila irabu hubaki na sauti yake kamili, iwe na mkazo au isiwe nao.

Matokeo yake ni haya: mwanafunzi aliyezoezwa kwa miaka 4 kufifisha irabu zisizo na mkazo hupata shida anapopewa tamthilia ya Kiswahili. Viambishi vya mwanzo wa kitenzi, ambavyo hubeba mtendaji, wakati na mtendewa, ndivyo humezwa kwanza. Katika "hatukumwambia", hadhira ikilikosa "ku" au "m", imekosa habari yenyewe. Pumzi nayo hupangwa tofauti, kwa kuwa neno moja la Kiswahili huweza kuwa sentensi nzima. Kwa hiyo swali la kwanza la mwombaji liwe: je, katika chuo hiki sauti hufunzwa kwa lugha gani?

Vyuo vya Afrika Mashariki

Hakuna chuo kinacholijibu swali hilo kikamilifu, bali kila kimoja kina historia yake ambayo ni mwongozo.

Kwa mkaaji wa Buruburu, kilicho karibu ni Chuo Kikuu cha Kenyatta, kando ya barabara ya Thika, ambacho hutoa shahada inayounganisha sanaa za maonyesho na filamu. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilijulikana katika miaka ya 1970 kwa kundi lake la tamthilia la kusafiri, lililopeleka michezo kwa wananchi bila malipo. Kufunzwa Nairobi kuna faida ya kuwa karibu na Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza, lililofunguliwa mwaka 1952, na karibu na watayarishaji wa filamu na vipindi. Hasara yake ni kwamba masomo huendeshwa kwa Kiingereza, na Kiswahili hutegemea juhudi za mhadhiri au za mwanafunzi mwenyewe.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha idara ya sanaa za maonyesho mwaka 1967. Ebrahim Hussein, aliyetoa Kinjeketile mwaka 1969, na Penina Muhando, aliyetoa Hatia mwaka 1972, walihusiana na idara hiyo kama wanafunzi na kisha kama walimu. Hapa pana jambo la ajabu kidogo. Idara ya Kiswahili ya chuo hicho hicho, iliyoanzishwa mwaka 1970, hufundisha kwa Kiswahili, ilhali masomo mengine ya shahada hufundishwa kwa Kiingereza. Basi nadharia ya tamthilia husomwa kwa Kiingereza, na tamthilia zenyewe huandikwa na kuchezwa kwa Kiswahili. Pamoja na hayo, mwanafunzi wa Buruburu akiwa huko husikia Kiswahili nje ya ukumbi kutwa kucha, na hilo ni somo lisiloandikwa katika mtaala.

Makerere ilianzisha idara ya muziki, ngoma na drama mwaka 1971. Kabla ya hapo, mwaka 1965, kundi lake la kusafiri lilikuwa limekwisha kuonyesha michezo kwa Kiingereza na kwa lugha za Afrika Mashariki, Kiswahili kikiwamo. Kwa hiyo Makerere humfaa mwombaji anayetaka kuunganisha uigizaji na ngoma, ingawa Kampala haimpi Kiswahili cha kila siku kama Dar es Salaam.

Bagamoyo ni njia nyingine. Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa huko mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, hutoa astashahada na stashahada. Mwenye kutaka shahada hataipata hapo. Lakini mwenye kutaka mwili na sauti vifanye kazi kila siku pamoja na ngoma za jadi, katika mazingira ya Kiswahili, huenda akafaidika zaidi kuliko katika ukumbi wa mihadhara.

Njia ya Kuingia

Nchini Kenya, Huduma ya Upangaji wa Wanafunzi katika Vyuo Vikuu na Vyuo vya Kadiri, iitwayo KUCCPS, huwapanga wanafunzi kwa alama za mtihani. Sharti la jumla la kusomea shahada ni wastani wa C+. Mwombaji haitwi kuonyesha uigizaji wake. Utaratibu huu una haki yake, maana hauulizi mtu anamjua nani. Dosari yake ni kwamba mwenye kipaji na alama pungufu huachwa nje, na asiyewahi kupanda jukwaani huweza kujikuta darasani kwa sababu tu nafasi ilibaki.

Mwombaji anayetazama Tanzania au Uganda hana budi kuuliza mapema kuhusu ulinganifu wa vyeti. Nchi hizo zimedumisha kidato cha 5 na cha 6, ambavyo Kenya iliviacha ilipoingia mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Ndiyo sababu shahada ya Kenya kwa kawaida huchukua miaka 4, na ya jirani zake miaka 3. Hali itabadilika tena kadiri mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2017, unavyopanda madaraja, kwa kuwa una mkondo wa sanaa na michezo katika shule za upili.

Ng'ambo hali ni kinyume. Chuo cha RADA cha London, kilichoanzishwa mwaka 1904, na Juilliard cha New York huwachuja waombaji kwa kuwatazama wakiigiza, na darasa la uigizaji la mwaka mmoja huwa la watu wachache sana. Vijana wengi wa Nairobi huutaja mfano wa Lupita Nyong'o, aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2014. Yafaa wajue kwamba alipoingia Yale alikuwa tayari na shahada ya kwanza kutoka Hampshire College. Mafunzo ya Yale aliyomaliza mwaka 2012 yalikuwa ya uzamili. Tangu mwaka 2021 shule hiyo ya drama haitozi karo, lakini lugha ya mafunzo ni Kiingereza, na anayerudi nyumbani hurudi na ulimi ulionolewa kwa Kiingereza.

Maswali ya Kuuliza

Kutokana na yaliyoelezwa, mwombaji angefanya vyema kuyauliza maswali haya kabla ya kupanga orodha yake:

(a) Katika juma moja, saa ngapi ni za mazoezi na saa ngapi ni za nadharia?
(b) Mwaka uliopita chuo kilionyesha michezo mingapi, na mingapi kati yake ilikuwa ya Kiswahili?
(c) Je, yupo mwalimu anayefunza matamshi ya Kiswahili kwa waigizaji?
(d) Shahada hiyo humruhusu mtu kufanya kazi gani nyingine?

Swali la mwisho ndilo la wazazi, nao hawakosei kuliuliza. Tume ya Kuajiri Walimu ya Kenya hudai mafunzo ya ualimu pamoja na masomo 2 ya kufundishia. Shahada ya uigizaji peke yake haimfanyi mtu kuwa mwalimu. Kwa familia ambayo karo ya mtoto mmoja ni akiba yote ya nyumba, iko njia ya tatu: kusomea ualimu wa Kiswahili na fasihi, huku kijana akiigiza na makundi yanayozunguka shuleni. Njia hiyo haina fahari, lakini imewalea waigizaji na watunzi wengi.

Hitimisho

Historia inaonyesha kwamba lugha ya jukwaa huamua nani apande na nani atazame. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, walicheza kwa Kikuyu mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wakulima na wafanyakazi wakawa waigizaji. Serikali iliupiga marufuku mwaka huo huo, na mwaka 1982 ukumbi wao ukabomolewa. Hakuna aliyehitaji kubomoa ukumbi uliochezewa lugha wasiyoielewa.

Kijana wa Buruburu hawezi kulitatua suala hili peke yake kwa kujaza fomu. Sehemu kubwa ya wajibu iko kwa idara za lugha. Mtaalamu wa fonetiki anayeujua mkazo wa Kiswahili, na mwigizaji anayehitaji kuusikika mwisho wa ukumbi, mara nyingi hukaa katika chuo kimoja bila kukutana. Siku idara ya Kiswahili na idara ya maonyesho zitakapofunza somo la sauti kwa pamoja, mwombaji hatalazimika tena kuchagua kati ya shahada na lugha yake.