Wakachi: Nchi Yao, Lugha Yao, na Hukumu ya Mila Katika Mirathi

SWALI:



Shekhe, mimi ni Muislamu wa Kisunni, nimezaliwa Unguja, na mababu zetu walitoka Kachi. Nyumbani tunasema Kikachi. Baadhi ya wenzangu katika darsa wananiambia kuwa lugha hii na mavazi yetu ni mambo ya Wahindu, na Muislamu anatakiwa ayaache. Jambo la pili, baba yetu amefariki. Ametuacha mama, kaka mmoja na sisi mabinti wawili. Wazazi wake walikwisha tangulia. Kaka anasema kwa mila ya Kachi mtoto wa kike hupewa fungu lake siku ya harusi, kwa dhahabu na nguo, kwa hiyo nyumba ni yake peke yake. Je, hii ni mila ya kweli ya Kachi? Na Sharia inasemaje?

JIBU:



AlhamduliLLaah. Himidi zote Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Swalah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), na aali zake na Swahaba zake.

Allaah Amrehemu mzee wenu na Awape subira. Dada yetu ameuliza mambo mawili, na yote mawili yanarudi kwenye asili moja, nayo ni kuijua mila na kujua mpaka wake. Hatuwezi kuihukumu mila ya watu kabla ya kuwajua watu wenyewe. Kwa hiyo tutaanza na Kachi, kisha tuje kwenye hukumu.

Kachi ni nchi gani?

Kachi, ambayo kwenye ramani huandikwa Kachchh au Kutch, ni wilaya ya jimbo la Gujarat, magharibi ya India, mpakani na Sindh ya Pakistan. Kwa eneo ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za India. Ina zaidi ya kilomita za mraba 45,000, yaani zaidi ya mara kumi na tano ya Unguja na Pemba kwa pamoja. Makao makuu yake ni mji wa Bhuj. Kabla ya kuingia katika India huru mwaka 1948 ilikuwa nchi yenye watawala wake na sarafu yake iliyoitwa kori.

Ni nchi kavu. Mvua ni chache, na miaka ya ukame si jambo la ajabu. Kaskazini na mashariki imezungukwa na Rann, uwanda mkubwa wa chumvi. Zikija mvua uwanda huo hufunikwa na maji, na yakishakauka hubaki ardhi nyeupe ya chumvi hadi jicho linapoishia.

Pembezoni mwa Rann kuna mbuga ya Banni, wanakoishi wafugaji wanaoitwa Maldhari. Jina hilo maana yake ni wenye mali, na mali kwao ni mifugo: nyati wa maziwa, ng'ombe na ngamia. Wengi wao ni Waislamu. Chini ya ardhi yao maji ni ya chumvi, lakini wamejifunza kuchimba visima vifupi kwenye mabonde madogo, wakaviita virda. Maji matamu ya mvua ni mepesi, hukaa juu ya yale ya chumvi, nao huyateka kwa uangalifu yasije yakachanganyika. Watu wa pwani waliokulia kwenye visima vya maji magadi wataelewa thamani ya elimu hii.

Nchi hiyo imetikiswa mara nyingi. Tetemeko la mwaka 1819 liliinua tuta la ardhi lenye urefu wa makumi ya kilomita na kuziba njia ya maji ya mto. Wenyeji, kwa kuona kuwa hakuna mkono wa mwanadamu ulioijenga kuta hiyo, wakaiita Allah Bund, yaani Tuta la Allaah. Tarehe 26 Januari 2001 tetemeko jingine liliua watu zaidi ya 13,000 na kubomoa sehemu kubwa ya Bhuj na vijiji vyake.

Lugha yao

Kikachi ni ndugu wa Kisindhi zaidi kuliko Kigujarati. Lakini skulini watoto wa Kachi husomeshwa kwa Kigujarati, na wanaoandika Kikachi hutumia herufi za Kigujarati. Katiba ya India ina orodha ya lugha zinazotambuliwa rasmi. Kisindhi kiliingizwa humo mwaka 1967, Kikachi hakimo mpaka leo. Kwa hiyo lugha hii imeishi midomoni, hasa midomoni mwa kina mama.

Husemwa na Waislamu, Wahindu na Majaini kwa pamoja. Mfugaji wa Banni anaisema, na jirani yake Mhindu anayetengeneza ngozi anaisema. Wafugaji hao hao huimba usiku mashairi ya Shah Abdul Latif wa Sindh, mwanachuoni wa Kisufi aliyefariki mwaka 1752. Basi atakayesema Kikachi ni lugha ya Wahindu hajawaona wanaoisema.

Vipi walifika kwetu

Kusini Kachi inatazama bahari. Bandari ya Mandvi ilijulikana kwa majahazi na manahodha wake, na mpaka leo vyombo vya mbao vinaundwa pale. Kwa pepo za kaskazi walikuja Maskati na pwani yetu, na kwa kusi wakarudi. Wakati wa Sayyid Said, aliyekodishwa forodha ya Zanzibar alikuwa Baniani wa Kachi, Jairam Shivji. Tharia Topan, Khoja ambaye jengo lake la dispensari lipo hadi leo ufukweni Mji Mkongwe, alizaliwa Lakhpat, bandari ya Kachi iliyofifia baada ya lile tetemeko la 1819 kugeuza maji. Wakaja pia Wamemoni, Wakhatri na wengineo, na Masunni katika hao wengi wao ni wa madhehebu ya Hanafi.

Nikiwa mdogo, mwenye duka wa mtaani kwetu alikuwa akihesabu pesa kwa Kikachi na kutuuliza habari za nyumbani kwa Kiswahili. Sisi tulimwita Mhindi tu, kama tulivyowaita wote. Jina hilo moja ndilo lililotufanya tusijue nani Muislamu, nani Baniani, na nani ametoka wapi.

Mavazi na kazi za mikono

Ukitaka kujua namna Uislamu ulivyoingia katika mila ya Kachi, tazama kitambaa kinachoitwa ajrakh. Hupigwa chapa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, kwa rangi ya nili na nyekundu ya mizizi, kwa hatua nyingi za kufua, kutia rangi na kuanika. Mapambo yake ni nyota na maumbo ya kupimana, hayana sura ya mtu wala mnyama. Wengine hulihusisha jina lake na neno la Kiarabu azraq, buluu. Mafundi wake ni Wakhatri Waislamu. Baada ya tetemeko la 2001 maji ya kijiji chao cha Dhamadka hayakufaa tena kwa kazi ya rangi, wakahama wengi wao na kujenga kijiji kipya, wakakiita Ajrakhpur.

Wanawake nao wanajulikana kwa kudarizi. Kila kabila lina mshono wake, na msichana hushona nguo zake za harusi kwa miaka kabla ya kuolewa. Nguo hizi na dhahabu ndizo anazoondoka nazo kwao. Hapa ndipo ilipo asili ya maneno ya kaka yako, na tutayarejea.

Hukumu ya lugha na mavazi

Ama lugha, Allaah Ametaja katika Suurat Ar-Ruum, aya ya 22, kuwa kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni miongoni mwa ishara Zake. Kitu Alichokifanya Allaah kuwa ishara Yake hakiwi aibu kwa mja. Na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alimuamrisha Zayd bin Thaabit (Radhiya Allaahu 'anhu) ajifunze maandishi ya Mayahudi. Swalah yako isome kwa Kiarabu kama ulivyofunzwa. Nje ya Swalah muombe Mola wako kwa Kikachi, na wasomeshe wanao Kikachi, hakuna ubaya.

Ama mavazi, Mtume alivaa juba la Kishamu, na Sham wakati ule ilikuwa chini ya Warumi. Nguo iliyositiri, isiyobana wala kuonyesha, na isiyokuwa alama ya ibada ya dini nyingine, ni halali kwako hata kama jirani wa Kihindu anaivaa. Kadhalika kutia hina na kujisugua manjano kwa bi harusi, jambo ambalo sisi Waunguja tunalo pia kwa singo yetu. Wanaokukataza wakumbuke kuwa nasi kanga tumeichukua kwa wafanyabiashara wa bahari hii hii.

Wanavyuoni wamegawa ada mafungu mawili: ada sahihi, isiyopingana na dalili ya Sharia, na hiyo huzingatiwa hata katika hukumu, na ada mbovu, inayohalalisha haramu au kula haki ya mtu, na hiyo hutupwa hata kama imedumu miaka elfu. Lugha yako na mavazi yako yamo katika fungu la kwanza. Sasa tutazame la nyumba.

Mila ya kuwanyima mabinti

Kaka yako hakulizua jambo hili. Ni kweli baadhi ya jamaa za Kachi, hasa Makhoja na Wamemoni, waliposilimu walibaki na desturi ya mirathi ya wazee wao wa Kihindu. Mali ya familia hukaa kwa wanaume, na binti huozwa kwa gharama ya mali hiyo, basi.

Lakini aijue na sehemu ya pili ya historia hiyo. Mwaka 1847 mabinti wa jamii hizo walisimama mbele ya Mahkama Kuu ya Bombay wakidai mafungu yao kwa mujibu wa Qur-aan. Jaji Muingereza, Erskine Perry, akahukumu kuwa desturi ya jamii yao ndiyo itakayofuatwa. Mabinti wa Kiislamu wakakosa haki waliyopewa na Allaah, kwa hoja ya mila. Hukumu ile ikaendelea kutumika kwa miongo mingi. Jamaa wenyewe walidai mabadiliko, na mwaka 1938 ikatoka sheria maalumu ya Wamemoni wa Kachi iliyowarudisha katika mirathi ya Kiislamu. Miaka tisini na moja ilipita kati ya hukumu ile na sheria hii.

Kwa hiyo anayedai leo kuwa hii ndiyo mila ya Kachi anasimama na jambo ambalo mabinti wa Kachi walilipinga kwa ajili ya Qur-aan, na Wamemoni wakaliacha. Waswahili husema mwacha mila ni mtumwa. Ni kweli kwa mila njema. Ama mila inayokula haki ya yatima na mjane, mtumwa ni yule anayeing'ang'ania.

Allaah Amebainisha katika Suurat An-Nisaa, aya ya 7, kuwa wanawake wana fungu kama wanaume walivyo na fungu, mali iwe chache au nyingi. Katika aya ya 11 na ya 12 Akayataja mafungu, na katika ya 13 na ya 14 Akayaita mipaka Yake na Akamuonya anayeivuka.

Dhahabu na nguo za harusi ni zawadi ya baba kwa binti yake wakati wa uhai wake. Zawadi si mirathi, kwa sababu mirathi haiwi ila baada ya mauti. Kama kaka naye aliozeshwa, akasomeshwa, akapewa mtaji wa duka, mbona hayo hayahesabiwi kuwa fungu lake?

Mgao wenu

Kwanza yatolewe mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi na usiokuwa wa mrithi. Kinachobaki, mama yenu ana thumni, na kilichobaki mtagawana watoto, wa kiume fungu la wawili wa kike. Tuchukulie nyumba na mali zote ni shilingi milioni 32. Mama atapata milioni 4, kaka milioni 14, na kila binti milioni 7. Na mama asisahauliwe. Katika maneno ya kaka hatukumsikia akitajwa kabisa.

Kama mnataka nyumba isiuzwe, kaka anaweza kuwalipa mafungu yenu, au mkakaa kwa sharika, au mkaipangisha na kugawana kodi. Unaweza pia kusamehe fungu lako, baada ya kulijua na kwa ridhaa ya kweli. Ama kusaini kwa kuona haya mbele ya wazee, hiyo si ridhaa. Wanavyuoni wa Kishafi wametaja kuwa kinachochukuliwa kwa haya ni kama kilichoporwa.

Anza kwa upole. Mtafute mzee mmoja wa Kikachi ambaye kaka anamheshimu, mkae naye pamoja na mama. Ikishindikana, nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au Mahkama ya Kadhi. Kudai haki si kukata udugu. Anayeukata ni anayeizuia.

Na sisi wengine tusijidanganye kuwa hili ni la Wakachi. Ni mashamba mangapi ya mikarafuu, Unguja na Pemba, ambayo dada mtu hupelekewa pishi mbili za karafuu kila msimu, naye ana fungu kamili katika ardhi ile? Tuanze na nyumba zetu.

Tunamuomba Allaah Amrehemu marehemu, Aziunganishe nyoyo za watoto wake, na Atuwafikishe kuisimamisha mipaka Yake.

Na Allaah Anajua zaidi.