Kocha wa Kiongozi Aitwe Lini?

Mashirika mengi humtafuta kocha wa viongozi mambo yakishaharibika: meneja amekosana na idara nzima, bodi imemchoka, na wakubwa wameanza kunong'ona kuhusu mrithi wake. Hapo kocha hana nafasi kubwa. Meneja anajiona mshtakiwa, na waliomleta kocha wameshakata shauri. Fedha za kumlipa kocha zingezaa zaidi mapema, kiongozi anapokabidhiwa madaraka mapya.

Chukua mhasibu hodari aliyepandishwa kuwa mkurugenzi wa fedha. Kilichompandisha ni umakini: hakuna hati ya malipo iliyompita bila kukaguliwa. Leo ana wasaidizi, lakini bado anakagua kila hati mwenyewe hadi usiku, huku wao wakingoja saini na bajeti ya mwaka ikiwa haijaguswa. Uhasibu anaujua, kozi nyingine haitamsaidia. Anahitaji mtu wa kumuuliza: hati zipi ni lazima zipite kwako? Zilizobaki atazishika nani? Utamkabidhi lini? Kocha hampi majibu. Humwacha ayatafute, akayajaribu kazini, kisha warudi kuangalia yalivyokwenda.

Mwaka 1997 Olivero, Bane na Kopelman walichapisha utafiti kuhusu mameneja 31 wa taasisi moja ya manispaa nchini Marekani. Mafunzo ya kawaida yaliongeza tija kwa asilimia 22.4; yalipofuatiwa na wiki nane za ukocha wa ana kwa ana, ongezeko lilifika asilimia 88. Kundi lilikuwa dogo, kwa hiyo mtu asiahidiwe takwimu hiyo. Fundisho limo katika yaliyofanyika wiki hizo: mameneja waliweka malengo, wakafanya mazoezi, wakapewa mrejesho, wakuu wao wakashirikishwa, na mwishoni wakawasilisha matokeo mbele ya watu.

Ndiyo maana nasisitiza kikao cha watu watatu kabla ya kazi kuanza: kiongozi, mkuu wake na kocha. Mkuu aseme wazi anataka kuona nini kimebadilika baada ya miezi sita. "Awe kiongozi bora" si lengo. "Hati za kawaida zisainiwe na wasaidizi" ni lengo. Hapo hapo wakubaliane kuhusu siri: maendeleo ya lengo yatajulikana kwa wote watatu, lakini yanayosemwa faraghani hayatoki. Kiongozi akihisi kocha ni mpelelezi wa ofisi ya rasilimali watu, atazungumza ya juu juu tu.

Kisha wahusishwe wanaofanya naye kazi. Marshall Goldsmith na Howard Morgan, katika makala yao ya mwaka 2004, walionyesha kwamba viongozi waliowarudia wenzao mara kwa mara kuuliza "naendeleaje?" ndio walioonekana kubadilika zaidi.

Mkuu asiyepata saa moja ya kikao cha kwanza hatapata muda wa kufuatilia miezi sita. Shirika la namna hiyo lisisaini mkataba na kocha kwanza. Limpate mkuu atakayekaa mezani.