Mwili Unapompiga Mwenyewe

Zamani, wajukuu, katika milima ya Gusii, mtu akipigwa rungu la kichwa na maumivu yakakataa kuondoka, alipelekwa kwa omobari. Huyo alikuwa fundi wa vichwa. Alipasua ngozi, akaukwangua mfupa wa fuvu polepole kwa kisu, akijihadhari asitoboe utando unaofunika ubongo. Wengi walipona. Madaktari waliofika Kisii miaka ya 1950 na 1960 walistaajabu, wakaandika habari zake katika majarida ya tiba.

Lakini kuna hatari ambayo kisu cha omobari hakikuweza kuifikia, maana inasafiri ndani ya damu.

Kijana akianguka na bodaboda kwenye barabara ya Keroka, paja likavunjika, chembechembe nyeupe za damu hukimbilia hapo mara moja. Mahali huvimba, huwa pekundu, hupata moto. Hiyo ndiyo kinga ya mwili, nayo ni njema: bila hiyo hata mkato mdogo wa jembe ungetuua. Taabu huja jeraha likiwa kubwa mno. Siku chache baadaye mapafu na figo, ambazo ajali haikuzigusa, huanza kushindwa kazi. Kwa nini?

Mwaka 2010 watafiti walipata sehemu ya jibu, nami nalipenda kuliko hadithi zote za sungura. Karibu kila seli ya mwili ina mitokondria, vitu vidogo mno vinavyotutengenezea nguvu. Asili ya mitokondria, zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, ni bakteria! Seli zikipondwa, mabaki ya mitokondria humwagika katika damu, na chembechembe nyeupe hudhani bakteria wamevamia. Ni kama majirani walioitikia mayowe usiku, wakampiga mwenye nyumba gizani.

Basi si zitulizwe kwa dawa? Madaktari walijaribu. Waliwapa steroidi watu walioumia kichwa, katika utafiti wa wagonjwa zaidi ya 10,000. Mwaka 2004 matokeo yakatoka: kati ya kila 100 waliopewa dawa, 21 walikufa ndani ya wiki mbili, kati ya wasiopewa, 18. Nasikitika kila nikiitaja habari hiyo, kwa sababu nia yao ilikuwa kuokoa.

Kwa hiyo daktari wa leo, awe Kisii, Nyamira au London, hulikabili jambo tangu chanzo chake. Damu ikomeshwe, nyama iliyokufa iondolewe, mfupa utulizwe, mgonjwa afunikwe asipate baridi. Ipo pia asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja kwa damu. Utafiti wa mwaka 2010 wa watu zaidi ya 20,000 katika nchi 40 ulionyesha kwamba inaokoa maisha, lakini ni sharti itolewe mapema, ndani ya saa 3.

Saa hizo 3 huanza kuhesabiwa pale barabarani. Mkimkuta mtu ameanguka, iteni watu wazima, kandamizeni kwa kitambaa safi panapovuja damu, msimburute wala kumpinda shingo, na afikishwe hospitali bila kuchelewa.