Mkanda wa Injini Ukilia, Usiunyamazishe kwa Sabuni

Mkulima wa Kuruwitu apakiapo maembe alfajiri kuyapeleka Mombasa, huenda akasikia injini ya pikapu yake ikilia kwa sauti kali kama filimbi. Wengi hupaka mkanda sabuni au grisi, kelele ikanyamaza, wakashika njia. Hilo ni kosa. Kelele hiyo ni ya mkanda unaoteleza juu ya puli zake. Grisi huzidisha utelezi na kuharibu mpira.

Mkanda huo huzungusha alteneta inayochaji betri, na katika magari mengi huzungusha pampu ya maji pia. Ukikatika njiani, maji hayazunguki, injini huchemka, na kichwa chake huweza kupinda. Gharama ya kukitengeneza hupita mara nyingi bei ya mkanda mpya, na maembe yako yatabaki juani.

Basi fanya hivi:

Kwanza, zima injini, ondoa ufunguo, ungoje ipoe. Mkanda unaozunguka huweza kukata kidole.

Pili, tazama mkanda. Ukiwa na nyufa, au nyuzi zimetokeza, au ubavu wake unang'aa kama kioo, nunua mwingine wa kipimo kile kile. Ukiwa umelowa oili, ziba kwanza mahali panapovuja.

Tatu, ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili zilizo mbali zaidi. Katika magari mengi ya zamani hubonyea kama nusu inchi. Ukizidi hapo, umelegea: legeza bolti za alteneta, ivute nje kidogo, kisha kaza. Usikaze kupita kiasi, maana beringi zitakufa upesi. Magari mengi ya siku hizi yana puli yenye springi inayokaza mkanda yenyewe; hiyo ikichoka haikazwi, hubadilishwa.

Nne, mkanda ukiwa umetolewa, zungusha kila puli kwa mkono. Ile inayokwaruza au kuchezacheza, beringi yake imekwisha, na mkanda mpya hautaiponya.

Huku pwani umande wa asubuhi huweza kuuliza mkanda mzima kwa muda mfupi, kisha ukanyamaza. Lakini ukilia kila siku, au taa ya betri ikiwaka, usipakie mzigo kabla ya kuutazama.

Weka mkanda wa akiba na spana chini ya kiti. Mdharau mwiba mguu huota tende.